Nilivyosomea Ushenga kwa Mwalimu Chipo

Nyinyi mnaoanza kazi sasa kwenye ule ukumbi wenye sakafu ya mteremko, na mnaojiuliza kwa nini ubao wa magurudumu umefungwa kamba kwenye bomba la dirishani, nawaandikia. Nimestaafu mwishoni mwa 2019, goti moja limegoma kupanda zile ngazi, na mke wangu amechoka kuwa msikilizaji wangu wa pekee, maana habari zote anazijua na ananisahihisha njiani. Vyeo na mishahara naviruka. Cheo sikupata, na mshahara haukuwahi kukaa nyumbani muda wa kutosha tukafahamiana.

Kwa wasionijua, naitwa Rajabu, mzaliwa wa Ujiji. Nilifundisha Kigoma hadi mvi za kwanza, kisha nikamfuata mke wangu Johannesburg, ambako alikuwa amefungua meza ya ushonaji pamoja na dada yake. Mwaka 2015 nikapata kazi kwenye shule ya sekondari ya binafsi upande wa Troyeville, katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha makoti. Wanafunzi walikuwa watoto wa wageni: Wazimbabwe kwa wingi, Wakongo, Warundi, na Watanzania wachache waliojificha nyuma. Kipindi cha mwisho cha kila siku kilikuwa cha lugha za nyumbani, yaani Kishona, Kindebele na Kiswahili. Hazikuwa kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo hakuna mkaguzi aliyekuja kutusumbua, na sijawahi kufundisha kwa raha kama ile.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi nimevaa tai. Juu kabisa nilimkuta mwanamke mwembamba, miaka thelathini na kitu, amebeba sufuria, mfagio na mkeka. Nilidhani ni mpishi anayehama.

"Wewe ndiye Mswahili?" aliniuliza. "Mimi Chipo, Kishona. Shika mkeka, Sekuru."

Sekuru kwao ni babu au mjomba, na alinipa jina hilo kwa heshima ya mvi zangu. Lilinikaa mpaka nastaafu. Mazungumzo yetu ya ofisini yalikuwa kwa Kiingereza cha Johannesburg, kile chenye "eish" za mshangao nyingi kuliko nukta, ila hapa nayaandika kwa Kiswahili ili nami nifaidi.

Ukumbi wetu mmoja ulikuwa na madarasa matatu, yaliyotenganishwa kwa makabati ya chuma ya kiwanda. Mwalimu Ndlovu wa Kindebele alikaa upande wa juu, mimi katikati, Chipo chini karibu na mlango. Nasema juu na chini kwa sababu sakafu ilikuwa imelala upande mmoja, hujui kama fundi alikuwa na haraka au alikuwa na makengeza. Kalamu ikianguka kwa Ndlovu, unaiokota kwa Chipo. Makabati hayakufika darini, kwa hiyo kila mtu alisikia somo la kila mtu. Wanafunzi wangu walijua kuhesabu ng'ombe kwa Kindebele kabla hawajajua kusema "shikamoo" bila kucheka.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa balaa tupu. Niliuliza kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza. Niliuliza tena, wakanijibu kwa Kizulu. Msichana mmoja Mkongo, Furaha, ambaye mama yake alikuwa msusi wa nywele Joubert Park, alinieleza kwa upole kama daktari anayetoa majibu mabaya: wote wanasikia Kiswahili, wanagombezwa nacho kila siku nyumbani, lakini kukisema hawasemi. "Hata mbwa wetu anasikia, sir," alisema, na darasa zima likakubali kwamba ndivyo ilivyo hata kwao.

Nilimpelekea Chipo malalamiko yangu kwenye chai. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri wa mtoto wa kwanza, lakini kwa kazi hii yeye ndiye aliyenilea, na nasema hivyo bila aibu yoyote.

"Unawaomba waseme," aliniambia. "Mtoto akiombwa kusema anaona haya. Wape jambo la kufanya, na ulifanye vibaya mbele yao."

Ndiyo maana ya mfagio, sufuria na mkeka. Chipo hakufundisha maneno, alifundisha shughuli. Leo tunabisha hodi kwa mkwe. Leo tumekwenda kwenye msiba. Leo mgeni amefika na nyumba haina sukari. Kila kipindi kilianza kwa salamu ya kupiga makofi kama ilivyo kwao, wasichana wamekaa mkekani, viganja vimekunjwa kidogo na kupishana, vinatoa sauti nzito ya taratibu. Nasema wasichana kwa sababu wavulana karibu wote walikuwa wamehamia kwa Ndlovu, ambako waliruhusiwa kuruka na kutaja sifa za wafalme kwa sauti ya kupasua vioo.

Basi wiki iliyofuata nilileta jiko la umeme la sahani moja, unga na mwiko, nikaanza kusonga ugali mbele ya darasa huku nikiwaeleza hatua kwa hatua. Nilimwaga maji mengi kwa makusudi. Nilikoroga. Niliwaonyesha sufuria kwa fahari. Furaha, ambaye hakuwa amesema sentensi moja ya Kiswahili tangu nifike, alisimama kama amechomwa na sindano.

"Hapana, Mwalimu! Ile haiko bugali, ile iko uji! Ulitia maji mingi! Leta mwiko!"

Aliupokonya. Aliusonga akiwa anafoka, na aliyemsaidia kushika sufuria alifokewa pia, na aliyefokewa akajibu, wote kwa Kiswahili cha kwao cha Bukavu kilichojaa moto. Ndlovu alichungulia juu ya makabati kuona nani anapigwa. Nilikaa kwenye dawati nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo kanuni yangu ya kufundisha imekuwa kuharibu upishi, na naiacha kwenu kama urithi.

Kuna mwalimu atakayeniuliza kama niliwasahihisha hiyo "iko" na hiyo "mingi". Nilifanya hivyo baadaye, wakishashiba. Mtu anayekupikia usimkatize.

Sasa habari za ubao. Tulikuwa na ubao mmoja tu wa magurudumu, wa kugawana, na kwa sababu ya mteremko ulikuwa na safari zake. Ukiuachia kwa Ndlovu, ulipita pengo la makabati, ukakatiza darasa langu, ukaenda kusimama kwa Chipo. Mwanzoni ilikuwa ajali. Lakini mwaka 2017, kipindi cha baridi, ubao ulianza kupita mara kwa mara, na kila ukipita ulikuwa na maandishi madogo kwenye kona: "Chai?" Siku nyingine: "Chai na keki?" Siku moja ulipita umeandikwa "Samahani kwa jana", na darasa langu zima likaacha kuandika ili kujadili jana kulikuwa na nini.

Ndlovu alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, koti mwaka mzima, viatu vinang'aa, mzaliwa wa upande wa Bulawayo. Kwa sura ungemdhania hakimu. Kumbe alikuwa anamsukumia mwenzake mahaba kwa nguvu ya mteremko. Chipo hakuweza kumjibu kwa njia hiyo hiyo, maana ubao haupandi. Ilimbidi apite mwenyewe kwenye darasa langu, uso umekaza, akiwa anajifanya anatafuta chaki. Wanafunzi walimpisha kwa heshima kubwa na vicheko vya puani.

Jambo moja lilinichekesha zaidi ya yote. Hawa watu wawili walipendana kwa Kiingereza. Chipo alizungumza Kizulu vizuri tu sokoni na kwenye teksi, na mwenye Kizulu hashindwi na Kindebele, lakini mbele ya Ndlovu hakutoa hata neno moja, kwa sababu Ndlovu alikuwa na tabia ya kuinua nyusi mtu akikosea. Ndlovu naye alisikia Kishona chote, hata utani wa chini chini, lakini hakuthubutu kukisema kwa mwanamke anayeshika kalamu nyekundu saa zote. Tunawaambia watoto wasiogope kukosea, kisha sisi wenyewe tukitoka darasani tunajificha nyuma ya lugha ya tatu. Ugonjwa huo ni wa walimu wa lugha, na msidhani hautawapata.

Mwanzoni mwa 2019 Ndlovu alinivuta kando wakati wa chai. Alisimama kwanza dakika nzima akikoroga kikombe kisicho na sukari.

"Mfowethu Rajabu," alisema, yaani ndugu yangu, "kwenu umewahi kumwombea mtu mke?"

Nilimwambia nimekuwa mshenga Ujiji zaidi ya mara moja, na ndoa zote ziko hai, ingawa moja inaishi kwa kelele. Alishusha pumzi. Kisha alinieleza, na hapo mchezo wa ubao ukawa jambo zito.

Baba yake Chipo alikuwa amefariki. Mwenye kauli alikuwa baba yake mkubwa, mzee aliyekuwa fundi seremala, anayeishi Turffontein, mitaa michache kutoka uwanja wa mbio za farasi. Mzee huyo alikuwa amechoka kusubiri. Alikuwa amemtafutia Chipo nafasi kwenye shule fulani Polokwane, kwa ndugu zao, na huko huko kulikuwa na mwanamume mmoja wa kanisani kwao aliyefiwa na mke, mtu wa heshima na mashamba, aliyekuwa tayari kumwoa. Chipo alimwambia kuna mtu mwingine hapa Johannesburg. Mzee hakukataa. Alisema mtu huyo, kama yupo, atume mshenga kabla ya likizo ya Juni, na mshenga aseme Kishona. Asipokuja, mwanawe anakwenda Polokwane.

"Anasema Kiingereza ni lugha ya kuulizia basi," alisema Chipo, aliyekuwa amesogea. "Hawezi kuombwa mtoto kwa lugha ya basi."

"Tafuteni Mshona," nilisema. "Johannesburg imejaa Washona."

"Mshona aende kwa Washona kuniombea mimi Ndlovu?" alisema Ndlovu. "Watauliza habari za nyumbani, watakula kuku, watacheka mpaka jioni, na mimi nitasahauliwa ndani ya gari."

Ndugu zake walikuwa mbali na wengine hawakuwa na hati za kusafiria. Walitaka mtu wa kati hasa, asiye wa huku wala wa kule. Wote wawili walinitazama. Nilijisikia mkubwa sana, nikakubali kabla sijafikiri kwamba Kishona changu kilikuwa asubuhi njema, asante na "lete chaki".

Hivyo ndivyo nilivyorudi shule. Kila Alhamisi baada ya masomo Chipo alikuwa na kipindi cha wanaoanza, wasichana wa gredi ya nane, na mimi nikakaa dawati la mwisho, magoti yamegusa kidevu. Nilikabidhiwa kwa Tariro, msichana mwenye miwani na sauti ya mkaguzi, ambaye alizaliwa Hillbrow na alikuwa anasoma Kishona ili aelewe mama yake anamsema nini kwenye simu.

"Sekuru, tena," alikuwa akiniambia. "Sekuru, umemeza neno. Litoe."

Nililitoa. Nilijifunza kuomba maji, kubisha hodi, kuulizia afya ya ng'ombe ambao hawapo. Nilijifunza kupiga makofi ya salamu pamoja na darasa zima, viganja vimekunjwa, vinapishana, taratibu, na Tariro aliniambia nimepiga vizuri sana. Kishona na Kiswahili ni ndugu wa damu, kwa hiyo nilikuwa nasikia nusu na kukisia nusu, jambo ambalo lilinipa kiburi mapema.

Shida ilikuwa maneno yenyewe ya kuposa. Chipo hangeweza kunifundisha jinsi ya kumwomba yeye mwenyewe. Ingekuwa aibu isiyosahaulika. Lakini pia hakukuwa na mwingine. Alitafuta njia, akaanzisha mada mpya darasani, jinsi mshenga anavyofika kwa wakwe. Alisimama mbele na uso mkavu.

"Tuseme kuna msichana fulani," alisema.

"Anaitwa nani, Madam?" Tariro aliuliza.

"Hana jina."

"Kila mtu ana jina, Madam. Tumwite Chipo?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Wasichana walilala juu ya madawati. Kule juu, nyuma ya makabati, kitu kizito kilianguka, na baadaye niligundua ni Ndlovu, aliyekuwa amebaki kusahihisha daftari na kiti kikamtoroka. Chipo alitazama dirishani muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Lakini alinifundisha. Kila Alhamisi, msichana fulani asiye na jina aliombwa, na mshenga alikaa chini, kamwe si kwenye kiti, akaanza kwa kumtaja mzee kwa jina la ukoo la heshima, Chirandu, kisha akasema ametumwa. Nilikariri maneno hayo mpaka mke wangu akaanza kuyasema akiwa anapima suruali za watu. Nilikuwa nimeiva, na Tariro aliniambia hivyo mwenyewe.

Mwezi Mei, Jumamosi asubuhi, tulikwenda Turffontein kwa gari la Ndlovu. Kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani, alisimama, akanigeukia, akaniambia niseme tena. Roboti ikiwaka kijani alikuwa hasogei mpaka nimalize, na watu wa nyuma walitupigia honi na kutueleza mambo kwa lugha zote za jiji hili. Nilimwambia tulia, umeleta mtaalamu. Kwa mila yao mwoaji haonekani siku hiyo, basi alisimamisha gari nyumba ya tatu kutoka pale, akafunga vioo, akaketi na koti lake juani.

Nilipokelewa na shangazi yake Chipo, mama mnene mwenye macho ya kupekua. Sebule ilikuwa imejaa wajomba, na viti vizuri ajabu, vyote kazi ya mkono wa mzee. Nilivikwepa, nikakaa chini. Nikaona shangazi ametikisa kichwa kwa kuridhika, nikajiambia Rajabu, leo unawamaliza. Mzee alikuwa amekaa mbele, ndevu nyeupe, mikono mikubwa imetulia kwenye magoti. Nikavuta pumzi na kupiga makofi ya salamu kama nilivyofundishwa, viganja vimekunjwa, vinapishana, taratibu, kwa adabu zote.

Mara shangazi alishika mlango kwa mikono miwili na akatoa sauti kama birika linalochemka. Mjomba mmoja alificha uso kwenye kofia. Mwingine alitoka nje kabisa, na tukamsikia anapigia ukuta ngumi.

Mzee alipambana na uso wake kwa muda. Kisha Kiingereza kile kile alichokikataa akakitumia, ili nisikose hata chembe ya habari.

"Mshenga," alisema, "kwetu mwanamume hupiga viganja vimenyooka, vidole kwa vidole, vinalia kwa ukali. Makofi uliyopiga ni ya mama mkwe. Nani amekufundisha?"

Nilipaswa kusema kitu cha busara. Nilisema ukweli, kwamba nimesoma na wasichana wa gredi ya nane.

Aliyekuwa anapiga ukuta alirudi kusikiliza, akashindwa tena, akatoka tena. Nilitozwa faini ya kuku hapo hapo, kwa kuwadanganya kwamba mimi ni mwanamume. Na mimi kwa bahati mbaya nikaanza kucheka pia, na kicheko kikafagia Kishona chote kichwani, kuanzia Chirandu hadi nukta ya mwisho. Nilifungua mdomo nikakuta kumebaki Kiswahili. Basi nikaposa kwa Kiswahili, kama tunavyoposa Ujiji: tumepita njiani, tumeona ua zuri kwenye bustani yenu, hatukuthubutu kulichuma, tumekuja kuwauliza wenyewe. Nilisema hayo macho chini. Nilipomaliza nilijua nimeharibu. Mzee alitaka Kishona, na tulikuwa tumebakiza wiki chache kabla ya Juni. Nilimwona Chipo kwa mawazo kwenye behewa la kwenda Polokwane na masanduku yake, na moyo ukaniuma kweli kweli.

Mzee alikuwa ameacha kutabasamu.

"Nimesikia neno moja moja," alisema. "Umejaribu. Lakini mimi siwezi kumtoa mtoto kwa lugha ambayo naisikia neno moja moja. Mwenye shida yuko wapi?"

Shangazi alisema mila hairuhusu.

"Mila ilipangwa wakati mkwe anakaa ng'ambo ya mlima," mzee alimjibu. "Huyu yuko ndani ya Toyota pale nje, vioo vimefungwa, jua lote hili. Akifa tutasema nini? Mwiteni."

Ndlovu aliingia ameloa kola. Alichuchumaa kando yangu, akapiga makofi, viganja vimenyooka, vinalia. Kisha akafungua mdomo na kusema Kishona.

Tulifanya kazi ukumbi mmoja miaka minne na sikuwahi kumsikia akikisema. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anasoma kupitia juu ya makabati. Aliijua kila salamu ya Chipo, kila msiba, kila mgeni aliyekosa sukari. Alikisema vibaya, hata mimi nilisikia kwamba ni vibaya. Shangazi alikuwa anamrekebisha kwa sauti kila baada ya maneno machache, na Ndlovu, hakimu wetu mwenye nyusi, alikuwa anarudia alivyorekebishwa, kwa utiifu, kama mtoto wa gredi ya nane, jasho linamdondokea kwenye kiatu. Alisema jina lake na jina la baba yake. Alisema ametoka wapi. Alisema hana watu wengi hapa, ila ana huyu Mswahili, na kwamba samahani kwa makofi. Nilitaka kumkumbatia.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika. Kisha akamwambia shangazi amlete mtoto.

Chipo aliingia amefunga kanga, kichwa kimefunikwa, akapiga magoti karibu na mlango. Hapa kwao kuna swali moja tu, na kila kitu kinategemea swali hilo. Binti huulizwa kama anawajua watu waliokuja. Akisema hawajui, wageni wanachukua kofia zao. Mzee alimuuliza kwa Kishona, polepole, kila neno mahali pake: unawajua watu hawa?

Hakuna aliyecheka tena.

"Ngiyabazi," Chipo alisema.

Ni Kindebele. Maana yake nawajua. Alikisema ndani ya nyumba ya baba yake mkubwa, mbele ya wajomba wote, kwa mtu aliyekuwa ameweka sharti la Kishona, na mbele ya Ndlovu, ambaye hakuwahi kumsikia akitamka neno moja la lugha hiyo. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Ndlovu aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

Mzee hakuhitaji mkalimani. Hakuna mtu wa Johannesburg asiyelijua neno hilo. Alimtazama Chipo, akamtazama Ndlovu, akanitazama na mimi, akajipangusa macho kwa kiganja cha mkono wake mkubwa.

"Sasa," alisema, "nani atakuwa ananitafsiria wajukuu?"

Shangazi alipiga vigelegele kabla sijaelewa alichosema, wajomba wakainuka wote kwa pamoja, mtu fulani akanivuta kutoka chini kwa sababu goti lilikuwa limegoma, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumepewa mke.